Umaarufu wa Xabi Alonso haukuokotwa njiani

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua ili nijibu makala iliyochapishwa katika safu yenu ya michezo, ambayo mwandishi wake alidai kwamba umaarufu wa kocha Xabi Alonso ni puto lililojazwa upepo na mitandao ya kijamii, na kwamba kuondoka kwake Real Madrid mwezi Januari 2026, kabla hata msimu wake wa kwanza haujafika mwisho, ndiko kulikolitoboa puto hilo. Mwandishi aliuliza swali moja ambalo nakiri ni la haki: kocha aliyetwaa ubingwa wa ligi mara moja tu anapendwaje na mashabiki wa timu nne ambazo zenyewe kwa zenyewe hazipendani? Lakini jibu alilojipa, yaani ndevu zilizochongwa vizuri, suti na picha za mtandaoni, ni jibu la mtu aliyeanza kumtazama Alonso mwaka 2023.

Mimi nilianza kumtazama mwaka 2004, alipohamia Liverpool chini ya kocha Rafael Benítez. Wakati huo nilikuwa nafundisha hesabu katika shule ya msingi hapa Tanga, na kwa kuwa nilijulikana kuwa nilicheza mpira ujanani, nilikabidhiwa pia timu ya shule. Nafasi yangu ilikuwa namba sita, yaani kiungo mkabaji, nafasi ambayo watoto huikimbia kwa sababu haifungi mabao na wala haikatizi ngome ya adui kwa chenga. Kila mtoto alitaka kuwa mshambuliaji. Ndipo alipotokea huyu Mhispania mwembamba, asiyekimbia kupita kiasi, ambaye mpira ulimfikia akiwa tayari ameshainua kichwa, ukaondoka mguuni mwake kwenda upande wa pili wa uwanja na kutua palepale mwenzake alipotaka utue. Kwa mara ya kwanza nikapata wanafunzi wawili walioomba wenyewe kucheza namba sita, na mmoja wao hakuwa na kiatu.

Mwandishi wenu anazungumza kana kwamba sifa za Alonso mchezaji ni za kuambatana na wakubwa tu. Naomba akumbuke fainali ya Ligi ya Mabingwa Ulaya ya tarehe 25 Mei 2005 mjini Istanbul, ambako Liverpool ilikwenda mapumziko ikiwa imefungwa mabao 3-0 na AC Milan. Baada ya Gerrard na Šmicer kufunga, mkwaju wa penalti ambao ungeleta sare alipewa Alonso, kijana wa miaka 23. Dida, kipa wa Milan, aliupangua. Wengi wetu tungeshika vichwa. Yeye alikwisha kuufikia mpira uliorudi na kuutia wavuni kwa mguu wa kushoto. Naomba akumbuke pia mabao mawili aliyofunga kutoka nusu ya uwanja wao wenyewe, moja dhidi ya Luton Januari 2006 katika Kombe la FA na jingine dhidi ya Newcastle Septemba mwaka huohuo. Kabla ya lile la Luton alikuwepo shabiki mmoja aliyekwenda kwenye duka la kubeti, akaweka pauni 200 kwamba Alonso angefunga bao la aina hiyo msimu ule, akaondoka na pauni 25,000. Sishabikii kubeti, na wazazi wenye vijana wanajua sababu yangu, ila naona kisa hicho kinatuonyesha jinsi mashabiki wake walivyomjua: waliamini kwamba anaona umbali ambao wengine hawauoni.

Na kuna jambo alilowahi kulisema ambalo kwa mwalimu lina thamani kuliko kombe. Alieleza kwamba alipokuwa Liverpool alishangaa kusoma katika kijarida cha mechi wachezaji chipukizi wakitaja ukabaji wa kuteleza miongoni mwa sifa zao bora, ilhali kwake huo ni mlango wa dharura, unaufungua pale tu ambapo umekwisha kosea kusimama mahali panapotakiwa. Nililichukua hilo nikaenda nalo uwanjani. Timu yetu ilipungukiwa magoti yaliyochubuka, ingawa sitadanganya kwamba iliongeza vikombe.

Sasa nije kwenye kiini cha barua yangu. Kwa maoni yangu mashabiki wa timu hizi wanampenda Alonso kwa namna alivyokaa nao, na zaidi kwa namna alivyoagana nao. Mwaka 2008 Benítez alitaka kumuuza ili amlete Gareth Barry kutoka Aston Villa, na habari hiyo haikuwa siri kwa mtu yeyote. Mchezaji anayejua kwamba ametiwa sokoni kwa kawaida hununa, au humtuma wakala wake magazetini. Alonso aliendelea kufanya mazoezi, mashabiki wakamwimbia jukwaani ili abaki, naye akabaki na kucheza msimu mzuri kuliko yote aliyowahi kuucheza Anfield, uwanja wa Liverpool, hata Liverpool ikamaliza ya pili nyuma ya Manchester United. Alipoondoka kiangazi cha 2009 kwenda Real Madrid, shabiki wa Liverpool hakumlaumu yeye. Wahenga walituasa tusitukane wakunga na uzazi ungalipo, na sijui kama msemo huo una mwenzake katika Kibaski, lakini mtoto huyo wa Tolosa aliuishi.

Madrid alikaa miaka mitano na kutwaa ubingwa wa Hispania wa mwaka 2012 chini ya Mourinho, kisha Ligi ya Mabingwa Ulaya ya 2014 chini ya Ancelotti. Fainali hiyo ya Lisbon hakuicheza kwa sababu alikuwa na adhabu ya kadi. Picha inayokumbukwa ni ya Alonso akiwa ndani ya suti, akitimua mbio kutoka jukwaani hadi pembeni mwa uwanja Gareth Bale alipofunga bao la pili katika muda wa nyongeza. Ikiwa mwandishi wenu anataka kuizungumzia suti ya Alonso, basi aizungumzie hiyo. Miezi michache baadaye alikwenda Bayern Munich, timu ambayo Madrid ilikuwa imeitandika mabao 4-0 nyumbani kwake katika nusu fainali ya mwaka huohuo, akacheza misimu mitatu, akatwaa ubingwa mara tatu, akastaafu mwaka 2017. Kwa timu ya taifa ya Hispania alicheza mechi 114, akiwa sehemu ya kizazi kilichochukua Euro 2008, Kombe la Dunia 2010 na Euro 2012. Mechi yake ya 100, robo fainali dhidi ya Ufaransa, iliisha kwa mabao 2-0, yote mawili yakiwa ya kwake.

Nayataja haya kwa haraka kwa sababu yanajulikana. Yasiyojulikana sana, na ambayo makala yenu iliyaruka kabisa, ni yale aliyoyafanya baada ya kustaafu. Mtu huyu alikuwa amefundishwa na Toshack, Benítez, Mourinho, Ancelotti na Guardiola, na katika timu ya taifa na Aragonés na Del Bosque. Baba yake, Periko Alonso, alikuwa kiungo aliyetwaa ubingwa wa Hispania mara mbili na Real Sociedad na mara moja na Barcelona. Mwenye mtaji wa namna hiyo angeweza kupiga simu moja tu akapewa timu kubwa, na tunawajua nyota waliofanya hivyo, wakaondolewa kabla viti vyao havijapata joto. Alonso alikwenda kufundisha watoto wa chini ya miaka 14 wa Real Madrid. Kisha mwaka 2019 akarudi kwao San Sebastián, kwenye timu ya pili ya Real Sociedad, akakaa huko misimu mitatu mizima. Mwaka 2021 aliipandisha daraja hadi ligi ya pili ya Hispania, mahali ambapo timu hiyo ya vijana ilikuwa haijafika tangu miaka ya sitini. Mwaka uliofuata ikashuka.

Naomba wasomaji watulie kwenye neno hilo la mwisho. Bingwa wa dunia alishuka daraja akiwa na timu ya vijana, mbele ya watazamaji wachache, wala hakumtafuta mchawi. Nimewahi kuketi katika vikao vya timu za mtaani ambamo mchezaji wa zamani mwenye jina dogo mno kuliko hilo alikataa kufundisha vijana kwa kuwa aliona ni kuvunjiwa heshima.

Ndipo Oktoba 2022 akaitwa na Bayer Leverkusen, timu ya mji wa kiwanda cha dawa, iliyokuwa ya 17 kati ya timu 18 ikiwa na pointi tano katika mechi nane. Wajerumani walikuwa wameibandika timu hiyo majina ya dhihaka kwa sababu ya tabia yake ya kumaliza ya pili: mara tano ilishika nafasi hiyo katika ligi, na mwaka 2002 peke yake ilipoteza ubingwa kwa pointi moja, ikapoteza fainali ya kombe la nchi, kisha ikapoteza fainali ya Ulaya mbele ya Real Madrid kwa lile bao la Zidane. Msimu wake wa kwanza Alonso aliitoa mkiani hadi nafasi ya sita na nusu fainali ya Ligi ya Europa. Msimu wa pili, wa 2023/24, timu ilicheza mechi 34 za ligi, ikashinda 28, ikatoka sare sita, ikakusanya pointi 90, na haikufungwa hata mara moja. Utawala wa Bayern wa miaka 11 mfululizo ukafika mwisho, na klabu iliyoanzishwa mwaka 1904 ikapata ubingwa wake wa kwanza wa ligi.

Jinsi alivyofanya ndiyo iliyomvutia mtu kama mimi. Alimleta Granit Xhaka, ambaye nchini Uingereza wengi walikuwa wamemchoka, akampa ile ile kazi ambayo yeye mwenyewe aliifanya kwa miaka 17. Alipanga mabeki watatu nyuma, akawaachia Grimaldo na Frimpong njia za pembeni wapande watakavyo, na mbele akamwacha kijana Florian Wirtz atafute nafasi. Januari 2024, Edmond Tapsoba wa Burkina Faso, Odilon Kossounou wa Ivory Coast na Amine Adli wa Morocco walikuja huku Afrika kwa ajili ya AFCON, na Victor Boniface wa Nigeria akawa ameumia. Wachambuzi wakasema sasa Leverkusen itaanguka. Tarehe 10 Februari iliifunga Bayern 3-0, na siku iliyofuata Kossounou akawa bingwa wa Afrika. Timu ile ilikuwa pia na desturi ya kufunga pale ambapo watu wamekwisha simama kutafuta ndala zao: dhidi ya Qarabağ ya Azerbaijan katika Ligi ya Europa, Patrik Schick alifunga mawili katika dakika za majeruhi, na Leverkusen ikashinda 3-2 na kusonga mbele.

Mimi hutazama mpira katika kibanda umiza kilicho jirani na nyumbani kwangu. Mwenye kibanda ana ubao mweusi ambao huandikwa mechi za siku kwa chaki, na kwa miaka yote ligi ya Ujerumani haikuwahi kupata mstari katika ubao huo. Ilianza kuandikwa msimu ule. Mwanzoni aliandika “Liverkuseni”, kana kwamba ni tawi la Liverpool, na nilipomsahihisha alinijibu kwa heshima zote, “Mwalimu, kocha si yule yule?” Jumapili ya tarehe 14 Aprili 2024 kibanda kilijaa hadi watu wakakaa kwenye ndoo. Jioni hiyo Liverpool ilikuwa imekwisha fungwa nyumbani na Crystal Palace, na kwenye runinga ya pili Arsenal ilikuwa ikielekea kufungwa na Aston Villa, na mbio zao za ubingwa zikapata ufa siku moja. Kwenye runinga ya kwanza Leverkusen iliifunga Werder Bremen 5-0, Wirtz akitia matatu, na mashabiki wa Kijerumani wakamwagika uwanjani. Watu waliokuwa na huzuni zao za Liverpool na Arsenal walisimama wakapiga makofi kwa ajili ya mji ambao hakuna hata mmoja wetu angeweza kuuonyesha kwenye ramani. Sijawahi kuona kocha akifanyiwa hivyo, na nilikuwepo wakati wa Wenger, kocha wa zamani wa Arsenal.

Msimu ule pia ulikuwa na doa, nalo nalitaja ili mwandishi wenu asiseme nimelificha. Baada ya mechi 51 za mashindano yote bila kufungwa, Leverkusen ilipigwa 3-0 na Atalanta katika fainali ya Ligi ya Europa mjini Dublin, mabao yote yakiwa ya Ademola Lookman. Alonso alizidiwa mbinu siku ile. Siku tatu baadaye timu yake ikachukua kombe la Ujerumani kwa bao moja la Xhaka dhidi ya Kaiserslautern, ikicheza kipindi chote cha pili na wachezaji kumi.

Lakini tukio ambalo kwangu linaeleza umaarufu wake kuliko yote halikutokea uwanjani. Mwisho wa Machi 2024 Liverpool na Bayern zote zilikuwa zinatafuta kocha, na jina lake lilikuwa la kwanza katika midomo ya mashabiki wa timu zote mbili. Aliketi mbele ya waandishi wa habari akasema kwamba anabaki Leverkusen, kwa kuwa kazi yake pale haijakwisha. Ubingwa ulikuwa bado haujapatikana, na angeweza kusema “tutaona mwisho wa msimu” kama wasemavyo wote. Hakuacha mbachao kwa msala upitao. La ajabu ni kwamba mashabiki wa Liverpool, waliokuwa wakimsubiri kama mvua, walimwelewa. Novemba mwaka huohuo alirudi Anfield akiwa kocha wa timu pinzani, akapokewa kwa makofi, kisha akapigwa 4-0, matatu ya Luis Díaz. Mwandishi wenu aliutumia mchezo huo kama ushahidi kwamba Alonso si kocha mkubwa. Mimi niliona watu waliofurahi kumfunga mtu wanayempenda, hali ambayo wenye watani wanaifahamu.

Sasa tuje Madrid, maana huko ndiko hoja ya makala ilikoegemea. Alitangazwa Mei 2025 baada ya Ancelotti kwenda Brazil. Mwezi Oktoba aliifunga Barcelona 2-1, na katika mchezo huohuo Vinícius Júnior, alipotolewa nje, aliondoka akionyesha hasira mbele ya dunia nzima. Januari 2026, Madrid ilifungwa na Barcelona 3-2 katika fainali ya Super Cup ya Hispania mjini Jeddah, na siku iliyofuata ikatangazwa kwamba pande mbili zimekubaliana kuachana. Sitamtetea kwa kila kitu. Nadhani alikosea kuamini kwamba wachezaji waliozoea uhuru wa Ancelotti wangekubali haraka kufuata mpangilio wa kukaba kwa pamoja na kuambiwa wasimame wapi. Kikosi cha Leverkusen kilikuwa na njaa, na kikosi cha Madrid kilikuwa kimeshiba. Umaarufu wake wa zamani haukumsaidia ndani ya chumba kile cha kubadilishia nguo, na pengine ulimponza, kwa sababu waliomwajiri walimkumbuka kiungo mtulivu wakasahau kwamba kocha huyo alihitaji karibu mwaka mzima kuijenga timu iliyokuwa tayari kumsikiliza.

Hata hivyo, puto likitobolewa hutoa sauti, na mimi sikuisikia. Alonso aliondoka bila kumtaja mchezaji yeyote kwa ubaya. Pale kibandani, wenye jezi za Madrid walibishana usiku kucha kuhusu nani wa kulaumiwa. Walitajwa wachezaji, akatajwa rais wa klabu, ikatajwa hata ratiba, lakini aliyemlaumu Alonso alikuwa mmoja, naye ni shabiki wa Barcelona aliyekuwa akitania. Mwandishi wenu anaweza kusema kwamba hayo ni mapenzi ya kibandani tu. Ni kweli. Lakini umaarufu anaouzungumzia unaishi wapi kama si humo?

Namalizia kwa ombi moja kwa mhariri wa michezo. Katika makala ile imeandikwa kwamba Alonso “aliruka moja kwa moja kutoka uwanjani hadi Bundesliga”, yaani ligi kuu ya Ujerumani. Kati ya kustaafu kwake na Leverkusen ilipita miaka mitano, na sehemu kubwa ya miaka hiyo aliitumia kufundisha watoto na vijana. Ingefaa sentensi hiyo isahihishwe, kwa kuwa vijana wanaotaka kuwa makocha wanalisoma gazeti lenu. Kuhusu mengine yote tunaweza kuendelea kutofautiana, na mwandishi akipita Tanga ninamkaribisha kibandani aje ausome ubao wetu. Tangu Alonso alipoondoka Leverkusen, jina la timu hiyo halijaandikwa tena, wala mwenye kibanda hajaulizwa kwa nini.

Wako,
Mwalimu mstaafu na msomaji wenu wa siku nyingi,
Tanga.